Orodha ya vijiji ifunguke tawi kwa tawi, isimalize mega za mkimbizi

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wanadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni namna kurasa za intaneti zinavyopanga majina ya mahali: jimbo, wilaya, usultani, grupema, kijiji. Kwa mtu aliye ofisini na intaneti nzuri, hilo ni jambo dogo. Kwa familia iliyokimbia vita na simu moja mkononi, linaweza kuamua kama itaandikwa mahali pake ama itapotea.

Nilianza kulifikiria siku niliposaidia mama mmoja kujaza fomu kwenye simu. Fomu ilimwomba achague kijiji alikotoka. Tulipobonyeza, ukurasa ukakwama. Simu ilikuwa inavuta orodha ya vijiji vyote mara moja. Tukangoja, tukarudia, mega zikaisha. Tuliponunua zingine, orodha ikafunguka, lakini majina yalipangwa kwa alfabeti tu, bila kuonyesha kila jina ni la wapi. Mama akaona neno Katoyi, akataka kulibonyeza.

Nikamuuliza: «Mama, ni Katoyi gani hii?»

Akajibu: «Katoyi ya kwetu, mwanangu. Kule Masisi.»

Tulipoangalia vizuri, ile ilikuwa kata ya Katoyi, komini ya Karisimbi, hapa mjini Goma. Yeye alitoka sekta ya Katoyi, wilaya ya Masisi. Kama nisingeuliza, angeandikwa kuwa mkaaji wa Goma, yaani mtu ambaye hakukimbia kutoka popote. Na mtu ambaye hakukimbia, siku ya msaada jina lake halisomwi.

Kosa hilo si la mama. Ni la aliyetengeneza ukurasa. Majina yetu yanarudiana, na kila mwenyeji anajua. Rutshuru ni wilaya, tena ni mji mdogo ndani ya wilaya hiyo hiyo. Beni ni mji, na Beni ni wilaya. Virunga ni hifadhi ya wanyama, na Virunga ni kata ya Goma. Jina peke yake halitoshi. Lazima liende pamoja na mzazi wake, kama vile mtoto anavyotambulishwa kwa jina la baba na la babu.

Nchi yetu tayari imepangwa kama mti. Tangu 2015 ina majimbo 26, ukihesabu na Kinshasa. Chini ya majimbo kuna miji, na kuna wilaya 145. Kivu ya Kaskazini ina wilaya 6: Beni, Lubero, Rutshuru, Masisi, Walikale na Nyiragongo. Rutshuru inagawanyika katika usultani wa Bwisha na usultani wa Bwito. Ndani ya Bwisha kuna grupema ya Jomba, na humo ndimo Bunagana ilimo. Mtu wa Bunagana anaijua njia hiyo kwa kichwa, hata kama hakukaa shuleni siku moja. Ukurasa unaomwomba aseme anatoka wapi ungepaswa kumfuata katika njia hiyo, ngazi kwa ngazi.

Mafundi wanajua namna ya kufanya hivyo, na si kazi ngumu. Mambo ni matatu.

La kwanza, usilete kila kitu. Ukurasa ukifunguka, ulete majimbo 26 tu. Mtu akigusa Kivu ya Kaskazini, hapo ndipo ulete wilaya zake. Akigusa Masisi, ulete sekta na usultani za Masisi. Tufanye hesabu ya mfano. Orodha yenye mistari 15 000, kila mstari herufi 100, ni herufi 1 500 000. Isipobanwa, hiyo ni karibu mega moja na nusu, kabla mtu hajaandika hata jina lake. Lakini mtu anayeshuka ngazi 5, na kila ngazi ina mistari 30, anavuta mistari 150. Ni herufi 15 000 tu, mara 100 chini ya ile ya kwanza.

La pili, kilichokwisha kuletwa kikae. Mtu akifunga tawi la Masisi kisha akalifungua tena, ukurasa usiende kuliomba upya. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kinaweza kuweka orodha ndani ya simu hadi kesho yake, hata mtandao ukikatika. Na kwetu mtandao unakatika.

La tatu, chora kile kinachoonekana. Kioo cha simu ndogo kinaonyesha mistari kama 10 hivi. Ukikilazimisha kivinjari kuchora maelfu ya mistari isiyoonekana, kinapaswa kukumbuka kila mmoja na kupima mahali pake. Ndiyo sababu simu inapata moto na kukwama hata kama mtandao ni mzuri. Fundi mwenye akili anachora mistari iliyo machoni na michache ya juu na chini yake, na kuibadilisha kadiri kidole kinavyosukuma.

Kuna na adabu ndogo ndogo. Mtu akigusa tawi, alama igeuke palepale, hata kama majina bado yako njiani. Bila hivyo atabonyeza mara tatu na kuharibu kila kitu. Mistari iwe mipana, inayotosha kidole gumba. Ukurasa uandikwe kwa namna ambayo programu zinazowasomea vipofu zitaweza kusema tawi liko wazi ama limefungwa, na ni la ngazi gani. Na ukiweka sehemu ya kutafuta, mtu akiandika Katoyi alete majibu mawili, kila jibu na njia yake kamili.

Wengine watasema: wakimbizi wengi hawana simu za intaneti, kwa hiyo tunapoteza wakati. Ni kweli kwamba wengi hawana. Lakini anayewaandikisha anayo. Ukurasa wake ukichukua dakika tano kwa kila familia, mama mwenye mtoto mgongoni ndiye anayesimama juani. Uzito wa ukurasa unakuwa urefu wa mstari wa watu.

Wengine watasema: sehemu ya kutafuta inatosha, mti wa nini? Nawajibu kwamba majina yetu hatuyaandiki kwa namna moja. Mmoja ataandika Kitchanga, mwingine Kitshanga, mwingine Kichanga. Mashine ikisema «haipo», mtu anaamini kweli haipo, anachagua jina lolote lililo karibu. Kwenye mti haulazimiki kujua kuandika. Unatambua kwa macho na kugusa.

Lakini nina onyo mawili kwa wanaojenga kurasa hizi.

Onyo la kwanza: msimtundike mtu kwenye tawi la kambi peke yake. Mwanzoni mwa 2025, kambi kubwa zilizouzunguka mji wa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilibomolewa na watu wakatawanyika. Mtu aliyeandikwa tu kama «wa Bulengo» leo yuko chini ya tawi ambalo halipo tena. Kambi ni kituo cha njiani, haiwezi kuwa mzazi wa mtu. Kila familia iwe na mambo mawili yaliyoandikwa mbalimbali: kijiji cha asili, ambacho hakibadiliki, na mahali inapolala leo, panapoweza kubadilika hata mara tatu kwa mwaka. Hivyo ndivyo ndugu waliopotezana njiani wataweza kutafutana: mmoja yuko Minova, mwingine Sake, lakini wote wawili wana tawi moja la asili.

Onyo la pili ni zito zaidi. Mti unaoonekana na watu wote usimame kwenye kijiji. Majina ya watu yasining'inie hapo. Huku kwetu, kujua ni nani ametoka kijiji gani na sasa analala wapi kunaweza kugeuzwa silaha. Kadiri ukurasa unavyokuwa mwepesi na wazi, ndivyo unavyomrahisishia kazi hata mwenye nia mbaya. Majina yakae kwa wale waliopewa ruhusa na wenyewe. Hata hesabu ya familia ngapi zimetoka kijiji fulani isiwekwe wazi kama kijiji ni kidogo, kwa sababu familia mbili zinatambulikana bila kutajwa jina.

Kwa wasikilizaji wetu mlioko kambini, na ninyi mliopokelewa katika familia, nina ombi dogo. Mkiulizwa mnatoka wapi, msitaje jina moja. Semeni njia nzima: jimbo, wilaya, usultani ama sekta, grupema, kijiji. Kisha mwombeni anayewaandika awasomee alichochagua kwenye simu, kabla hajabonyeza kutuma. Hiyo si kumkosea heshima. Ni haki yenu, na inachukua muda mfupi.

Na kwa mashirika na ofisi zinazotengeneza fomu hizi: kabla ya kuzileta kwetu, zijaribuni kwenye simu ya bei ndogo, yenye mega chache, siku ambayo mtandao ni mbaya. Mkeeni kando mama mmoja wa Masisi, mumwombe atafute kwao. Asipofika kijijini kwake, rudini mkaitengeneze upya.