Mwajiri Akifunga, Mimba Haisubiri: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kazi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira
Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF)

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii inatoka Milepa, kata ya Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Ufipa, katika jimbo la Kwela. Mtu wa Milepa mwenye shauri la kazi hana budi kupanda mlima hadi Sumbawanga mjini. Huko ndiko iliko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na NSSF nayo iko huko huko. Masika yakikolea, safari hiyo si ya kuamka tu na kuondoka. Ni vizuri hilo likumbukwe, kwa sababu shauri lenyewe linahusu mwanamke mjamzito, au aliyejifungua juzi, ambaye mwajiri wake anafunga kazi.

Ajira za mshahara bondeni si nyingi. Watu wanalima mpunga na mahindi, wanafuga, wanavua. Wanaolipwa kila mwezi ni walimu, wahudumu wa zahanati na watendaji, kisha wanafuata watu wa miradi na wa wakandarasi. Serikali haifungi milango, lakini mradi hufunga. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye miradi iliamriwa isimamishe kazi, Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na kufikia Julai mosi shirika hilo lilikuwa limekoma kufanya kazi. Rukwa ni mkoa ambao huduma zake za VVU zimebebwa kwa miaka mingi na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na ambao ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya mradi wa lishe wa Lishe Endelevu uliofadhiliwa na USAID. Amri iliyotiwa saini Washington iligusa mikataba ya kazi ya watu wa Tanzania ambao mwezi mmoja kabla hawakuwa na habari. Miongoni mwa waliofanya kazi kwenye miradi ya namna hiyo kuna wanawake wa umri wa kuzaa, na mimba haijui kalenda ya mfadhili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamjali mzazi kwa maneno mazuri. Kifungu cha 33 kinampa siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Kinamruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Kinamkataza kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza, na akirudi kinampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kifungu cha 37 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 36 kinakwenda mbali zaidi: mwajiri anayemzuia mwanamke kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi anahesabiwa kuwa amemwachisha.

Yote hayo yanadhani kwamba kuna mahali pa kurudi.

Ofisi inapofungwa, kinachotawala ni kifungu cha 38, kinachohusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji. Mwajiri anatakiwa kutoa notisi ya kusudio lake mapema, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe juu ya njia za kuepusha upunguzaji, vigezo vya kuchagua nani aondoke, wakati wa kuondoka na kiinua mgongo. Likizo ya uzazi haitajwi miongoni mwa mambo hayo. Kifungu cha 33, kwa upande wake, hakisemi lolote kuhusu mwajiri anayefunga. Mwanamke anabaki katikati ya vifungu viwili, na kila kimoja kinamwachia mwenzake.

Chukua mfano wa hesabu, Mheshimiwa Waziri. Mwajiriwa wa mradi analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki, na ametimiza miaka minne. Ana mimba ya miezi saba mradi unapofungwa. Kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, jumla siku 28, yaani kama shilingi 430,000. Mshahara wa likizo ya uzazi ya wiki 12, ambayo angeianza mwezi unaofuata, ungefika shilingi 1,100,000 na ushei. Anachopewa kwa miaka minne ya utumishi hakifiki nusu ya anachopoteza kwa miezi mitatu ijayo. Na akiwa ni wa mkataba wa muda maalumu uliofika mwisho wake, hata hicho kiinua mgongo hakipo. Hakuna aliyemfukuza kwa sababu ya mimba. Hata hivyo, mimba ndiyo inayomfanya apoteze zaidi kuliko mwenzake wa meza ya pili, na mwajiri mpya wa kumpokea akiwa na miezi saba hapatikani kirahisi, si Sumbawanga wala Dar es Salaam.

Kuna jambo la pili ambalo ni la tarakimu tu, na linauma zaidi. Kanuni za Tume za mwaka 2007 zinampa aliyeachishwa kazi siku 30 za kufikisha shauri lake. Sheria ileile ya kazi inamwambia mama asifanye kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, yaani siku 42. Kwa macho ya sheria mwili wake haujawa tayari kukaa kwenye kiti cha ofisi, lakini uko tayari kupanda gari la Sumbawanga na kichanga mgongoni, kujaza fomu na kutafuta viambatisho, tena, akiachishwa siku anapojifungua, mapema kwa siku 12. Ni kweli anaweza kuomba aongezewe muda akitoa sababu ya msingi. Lakini ombi hilo ni shauri kabla ya shauri. Linahitaji maelezo, kiapo na mara nyingi mtu wa kumwandikia, na mwajiri ana nafasi ya kulipinga. Kujifungua kusingepaswa kuwa sababu ya kuombea huruma. Kungepaswa kusimamisha hesabu ya siku kwenyewe, bila ombi.

Mambo haya hayakuanza na Wamarekani. Wafipa wanakumbuka kiwanda cha nyama cha SAAFI, kilichoanzishwa na marehemu Chrisant Mzindakaya, mbunge wa zamani wa Kwela, ambacho matumaini yake yalikuwa makubwa kuliko muda kilichofanya kazi. Na tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Mwenye akaunti katika benki hizo alikuwa na kinga ya kisheria hadi shilingi 1,500,000, na mwaka 2023 kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 7,500,000. Huo ni uamuzi mzuri: nchi ilikubali kwamba benki huweza kufa, ikaweka mfuko kando ili mwenye amana asife nayo. Karani mjamzito wa benki hizohizo, aliyekuwa akizihesabu amana hizo, mshahara wake wa likizo ya uzazi hauna mfuko kama huo nyuma yake. Anaingia kwenye foleni ya mfilisi pamoja na wadai wengine, na foleni hiyo huenda kwa miaka.

Hapa ndipo NSSF inapoingia. Mfuko una fao la uzazi lililo tofauti na mshahara wa mwajiri: wiki 12 kwa wastani kamili wa mshahara, kwa mwanachama aliyechangia miezi 36, ambayo 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 lipo pia fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia miezi 18. Kwa mama wa mfano wetu haya ni mafao ya kumwokoa. Shida ni kwamba mwajiri anayeishiwa huanza kwa kuchelewesha michango. Mfanyakazi hukatwa asilimia yake kila mwezi, inaonekana kwenye hati ya mshahara, lakini akifika dirishani miezi haitoshi. Ofisi imefungwa, mhasibu amehama mkoa, na hakuna wa kupiga muhuri.

Wengine wamelitatua jambo hili kwa njia zilizo wazi. Uingereza inatazama wiki ya 15 kabla ya tarehe ya kujifungua: mwanamke mwenye sifa aliyekuwa kazini wiki hiyo haki yake ya malipo inabaki hata ajira ikiisha baadaye, na mwajiri akifilisika mamlaka ya kodi ndiyo inayolipa. Kama Uingereza ni mbali, Rwanda iko jirani. Sheria yao ya mwaka 2016 iliweka mchango wa asilimia 0.3 kwa mfanyakazi na 0.3 kwa mwajiri, mwajiri akalipa wiki sita za kwanza na mfuko wa hifadhi ukalipa sita za mwisho. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unafuata fikra hiyohiyo: malipo ya uzazi yabebwe na bima ya jamii au fedha za umma, yasiwe mzigo wa mwajiri mmoja ambaye leo yupo na kesho hayupo.

Kwa Rukwa hili lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mahindi ya Ufipa yanalisha mikoa mingine, na nusu ya watoto wa hapa hawafikii kimo chao. Miezi ya mwanzo, ya kunyonya bila mama kukimbizana na vibarua, ni sehemu ya dawa ya tatizo hilo. Serikali inayohubiri siku 1,000 za kwanza za uhai wa mtoto inapaswa kujali mama analipwa na nani siku 84 kati ya hizo.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilibadilisha sheria za kazi ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda wa likizo. Ulikuwa uamuzi wa utu, na ulionyesha kwamba kifungu cha 33 si msahafu. Barua hii inaomba kirekebishwe tena: mwajiriwa aliyekwisha kutoa taarifa ya ujauzito kabla ya notisi ya kufunga, malipo yake yote ya siku 84 yawe deni lililoiva siku ajira inapokoma, lilipwe pamoja na stahiki za mwisho, na lipate kipaumbele kwa mfilisi. Siku 30 za Tume zianze kuhesabiwa baada ya wiki sita za kujifungua kwisha.

Ombi kwa NSSF halihitaji Bunge. Waraka mmoja unatosha, wenye kutamka kwamba mama aliyetimiza miezi yake hatanyimwa fao kwa sababu mwajiri amefunga, kwamba hati za mshahara zinazoonyesha makato zitapokelewa pale michango ilipokwama, na kwamba Mfuko wenyewe ndio utakaomfuata mwajiri. Nakala za waraka huo zibandikwe kwenye kliniki za wajawazito na kwenye mbao za ofisi za watendaji wa kata, Milepa ikiwamo.