Tia Mkono Ndani ya Gunia

Khatibu alikuwa karibu kushuka mimbarini alipomkumbuka mfadhili. Msikiti, katika mji mmoja wa mwambao ambao hauna haja ya kutajwa, ulikuwa umepata zulia jipya kabla ya Ramadhani, pamoja na tende na mchele wa futari wa mwezi mzima. Aliyetoa ni tajiri mwenye majahazi, mtu wa makaa na sukari kati ya Kismayu na Ghuba. Khatibu akamwombea dua ndefu, kisha akaongeza maneno ambayo mwandishi wa safu hii ameshindwa kuyameza tangu Ijumaa ile: kazi ya mfanyabiashara ni kuuza, kazi ya kuhesabu ni ya Mungu, na mkono unaotoa hauulizwi umechuma wapi. Waumini wakaitikia amina.

Mkono unaotoa ndio wa kwanza kuulizwa.

Imani hii si ya khatibu huyo peke yake. Inasikika barazani Kismayu, Lamu, Mombasa, Unguja hadi Maskati: biashara ni biashara, na ukitoa zaka na sadaka mali imetakata. Inapendwa kwa sababu inampa kila mtu raha yake. Muuzaji anauza, mnunuzi ananunua, msikiti unatandikwa zulia, na hakuna anayetakiwa kufungua gunia aone kilichomo.

Kufungua gunia ndiyo sunna yenyewe. Kila mtoto aliyepita chuoni anakijua kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni, akasimama penye rundo la nafaka lililopendeza kwa juu, akatia mkono ndani na vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akasingizia mvua. Hakuulizwa ametoa sadaka kiasi gani mwaka ule. Aliulizwa kwa nini hakuiweka nafaka iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisa kizima kinahusu kilichofichwa chini. Na kilichofichwa chini ya makaa ya Kismayu kinajulikana, maana wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamekiandika ripoti baada ya ripoti.

Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2036 la kupiga marufuku makaa yanayotoka Somalia. Halikumfunga muuzaji tu. Liliziagiza nchi zote zizuie makaa hayo yasiingie kwao, moja kwa moja au kwa kuzungushwa. Sababu ilikuwa wazi: wapiganaji wa Al-Shabaab, waliokuwa wameishika Kismayu tangu Agosti 2008, walikuwa wakijilisha kwa ushuru wa makaa. Mwishoni mwa Septemba 2012 majeshi ya Kenya yakatua, wapiganaji wa Kisomali wa kundi la Ras Kamboni wakiwa pamoja nao, na mji ukabadilisha bendera. Makaa hayakubadilisha njia. Mjini palikuwa na marundo ya mamilioni ya magunia, na wenye mali wakalia kwamba miti imeshakatwa, imeshachomwa, basi waachiwe wauze mara hii moja tu. Mwaka uliofuata wachunguzi waliripoti kuwa magunia kama milioni moja yalikuwa yakitoka kila mwezi, na mepya yakijazwa kutoka msituni. Faida, walisema, iligawanywa baina ya pande zilizokuwa zikipigana, Al-Shabaab wakiwemo. Jeshi la Kenya lilikanusha kuhusika.

Sasa tia mkono ndani zaidi. Makaa hayo yalipofika Ghuba hayakuitwa makaa ya Somalia. Yalikuwa na hati za asili zikidai yametoka Komoro, Ghana au Côte d'Ivoire. Kufikia mwaka 2018 njia ilikuwa imepitishwa Iran. Huko makaa yalitiwa katika mifuko mipya myeupe iliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Iran, kisha yakavushwa kwa majahazi madogo hadi Dubai.

Hapo ndipo hoja ya khatibu inapozama. Biashara ikiwa ni halali, jina linabadilishwa kwa nini? Mvuvi wa Koyama akiuza changu hasemi ni changu wa Zanzibar. Mwenye tende za Basra hujitapa kwa Basra. Muuza karafuu wa Pemba hulitaja jina la kisiwa kabla ya bei. Mtu huificha asili ya mali yake pale tu anapojua kuwa ikitajwa, mnunuzi mwenye haya atarudisha fedha mfukoni. Kwa hiyo asidanganywe mtu kuwa tajiri wa makaa hakujua. Aliyelipa hati ya uongo alijua. Aliyeagiza mifuko myeupe alijua. Jina la bandia kwenye gunia ni ungamo la mwenye gunia.

Na Komoro, kati ya nchi zote! Mswahili yeyote aliyewahi kufika Ngazija au Nzwani anajua kuwa visiwa vile havina msitu wa kutosha hata kuni za watu wake. Bila kisiwa cha Maore (Mayotte), eneo la Komoro halifiki kilomita za mraba 2,000. Afisa wa forodha aliyepokea shehena baada ya shehena ya makaa ya mgunga kwa hati ya Komoro hakuhitaji ripoti wala mpelelezi. Ramani ya ukutani ingemtosha.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ripoti ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria magunia milioni 3 kwa mwaka, yenye thamani ya dola milioni 150 kwa bei ya jumla katika Falme za Kiarabu. Fungu la Al-Shabaab lilikuwa dola milioni 7.5 kwa uchache. Ukigawanya, kila gunia la dola 50 lilikuwa na dola 2 na nusu za mtu mwenye bunduki. Hiyo ndiyo nafaka iliyolowa. Tajiri akitoa dola moja ya kila gunia kwa msikiti, bado mwenye bunduki amepata zaidi ya mara mbili ya Mwenyezi Mungu.

Fedha hizo zina kazi mikononi mwa Al-Shabaab. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu. Aprili 2015 waliuawa 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Tarehe 12 Julai 2019 zamu ikaifikia Kismayu yenyewe: hoteli ya Asasey ilishambuliwa na watu 26 wakafa, akiwemo mwandishi wa habari Hodan Nalayeh, aliyekuwa amerudi kutoka Kanada kuionyesha dunia uzuri wa nchi yake. Hakuna awezaye kusema gunia fulani lilinunua risasi fulani, na mwenye makaa hujificha hapo hapo. Lakini aliyelipa ushuru kwenye kizuizi cha barabarani alijua anamlipa nani.

Wabajuni, watu wa mwambao wa Lamu na kusini ya Somalia, nao wamelipa. Kwa miaka kadhaa wavuvi wa upande wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama. Mtu ambaye baba na babu yake walisoma nyota kwa ajili ya kuvua aliambiwa akae nyumbani magharibi ikiingia. Nyavu zikakauka na madeni ya dukani yakakua. Kule ng'ambo, Ghuba, kijana alikuwa akivuta shisha juu ya kaa jekundu, na shisha ile ilikuwa imelipiwa na mvuvi wa Kiunga bila mvuvi mwenyewe kujua. Hakuna tajiri aliyempelekea mvuvi huyo zulia.

Upande wa Somalia ni vigumu zaidi kusimulia bila hasira. Chula, Chovai, Koyama, Ngumi: visiwa hivi viliishi kwa bahari, kwa kamba, kwa kasa aliyevuliwa kwa chazo aliyefungwa uzi mkiani, ustadi ambao wageni waliusimulia kwa mshangao. Vita vya 1991 vilipofika, watu wasio na bunduki ndio waliovunjiwa nyumba kwanza. Wengi walitupa macho nyuma mara moja, wakashika njia ya maji hadi Mombasa, wakaishia kambini Jomvu. Miaka ishirini baadaye mwambao wao ukawa gati ya makaa. Bur Gavo, bandari ya kale ya Waswahili kusini ya Kismayu, ikaingia katika ripoti za dunia kama mahali pa kupakia magunia. Mali ikapita mbele ya mlango wa Mbajuni bila kumwachia chochote, na anayesifiwa mimbarini ni aliyeipitisha.

Wapo wanaojibu kwamba asipouza yeye atauza mwingine. Kijiweni jibu hili huonekana kubwa, na watu hutikisa vichwa kana kwamba wamesikia hekima. Basi na mwizi wa nanga aachiwe, maana asipoiiba yeye ataiiba jirani. Na kadhi apokee rushwa, maana asipoichukua yeye ataichukua karani. Hakuna dhambi duniani isiyoweza kupita katika mlango huo. Wanaoutumia wenyewe hawaukubali zikivunjwa ghala zao.

Wengine husema mnunuzi hawezi kujua. Anaweza. Kwa almasi, dunia ilianzisha Mfumo wa Kimberley mwaka 2003 baada ya vita vya Sierra Leone na Angola. Kwa dhahabu na madini ya bati ya mashariki ya Kongo, sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyalazimisha makampuni makubwa kuchunguza na kutangaza kama madini yao yanatoka huko. Mifumo hiyo ina matundu, na wachimbaji wa Kivu wana malalamiko yao ya haki. Lakini tangu hapo hakuna kampuni ya simu inayoweza kusimama na kusema haihusiki na asili ya madini yake. Mwandishi wa safu hii aliwahi kumuuliza mwenye duka mmoja wa Ghuba makaa yake yanatoka wapi. Jibu lilikuwa kwamba makaa ni makaa. Kwenye rafu iliyofuata palikuwa na asali, na juu ya kila chupa limeandikwa jina la bonde nyuki walikolisha.

Tabia hii ya kutouliza haiishii kwenye makaa. Desemba 2018 serikali ya Somalia ilizipa leseni meli 31 za Kichina za kuvua jodari, na mvuvi wa mashua anayepiga kasia kutoka Chula hakuwa na kiti mezani leseni zilipotolewa. Na kila Ramadhani, kuanzia Kismayu hadi Dar es Salaam, kuna kampuni zinazowapanga wajane juani, kila mmoja akiwa na mfuko wa unga wenye nembo ya kampuni, mpaka mpiga picha amalize. Mjane huyo hakuulizwa kama anataka uso wake uwe tangazo. Kilo mbili za unga zimenunua kibao cha biashara ambacho barabarani kingegharimu maelfu ya shilingi. Na jambo hilo nalo likaitwa sadaka.

Miti nayo ina hesabu yake. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kuwa miti milioni 8.2 ilikatwa Somalia kwa ajili ya makaa kati ya 2011 na 2017. Mgunga unaopendwa zaidi, ule Wasomali wanaouita galool, hukua polepole mno. Mti wake ni mzito, makaa yake hudumu na hayatoi moshi mwingi. Sifa zinazoupandisha bei Dubai ndizo zinazoumaliza katika bonde la Juba. Ngamia na mbuzi hula majani yake wakati wa ukame, na mizizi yake hushika udongo mvua inapokuja kwa kishindo. Katika njaa iliyoshika nchi kuanzia mwisho wa 2010 hadi mwanzo wa 2012, walikufa watu wapatao 258,000, zaidi ya nusu yao watoto wadogo. Mwaka 2011, mama akimzika mtoto njiani kuelekea kambi ya wakimbizi ya Dadaab, majahazi ya Kismayu yalikuwa yakipakia malisho ya mbuzi wake yakiwa yamegeuzwa makaa. Hakuna futari ya mwezi mmoja inayoweza kurudisha hilo.

Watu wa mwambao huu hawajaanza leo kupakia miti majahazini. Kwa karne nyingi boriti za mikoko za Lamu na nchi ya Wabajuni zilikwenda Ghuba na upepo wa kusi, zikaezeka nyumba za Basra na Bahrain. Ilikuwa biashara ya heshima, na mnunuzi alijua boriti imetoka wapi kwa sababu nahodha alimwambia. Hata hivyo mwaka 1982 Kenya ilisimamisha usafirishaji wa boriti nje ili mikoko isiishe. Biashara iliyo wazi inaweza kuwekewa kikomo, kwa kuwa inaonekana. Iliyofichwa ndani ya mfuko mweupe haina wa kuiambia basi.

Khatibu ni mtu msomi. Anaijua sura ya Al-Mutaffifin kwa moyo, na anajua wanaoanza kuonywa humo ni akina nani: wanaopunja kwenye mizani. Kwa nini basi mizani ya muuza nyanya inakaguliwa kila Ijumaa, na jahazi zima linapita? Anayejua jibu ni kamati ya msikiti, nayo ina njia rahisi ya kulithibitisha. Imwite mfadhili, imwombe hati za shehena tatu za mwisho, isome nchi iliyoandikwa kwenye hati na nchi makaa yalikopakiwa. Ni kazi ya nusu saa baada ya alasiri. Majina yakilingana, khatibu ana haki ya kuomba dua ndefu kuliko ya kwanza. Yasipolingana, zulia bado jipya, halijakanyagwa hata mwezi, na wanaume wanne wanatosha kulikunja na kulirudisha kwa mwenyewe.