Kiwango cha Elimu: Hana

Juzi nilimsindikiza mamangu kwenye ofisi fulani kujaza fomu. Karani, kijana mpole tu, akafika kwenye mstari wa elimu. "Mama, ulisoma mpaka wapi?" Mama akacheka. "Sikuingia darasani, mwanangu." Kijana akaandika neno moja: Hana.

Hana nini?

Elimu tuliitoa kwa Waarabu: ilm, yaani kujua. Ndani ya neno hilo hakuna darasa wala cheti. Mzizi wake ndio uliotupa mwalimu, taaluma na maulamaa. Ndio uliotupa pia alama. Naam, alama ile ile ya mtihani. Ila kabla haijawa nambari kwenye karatasi, alama ilikuwa ishara: kitu unachokiona kikakujulisha usichokiona.

Sasa mtazame mamangu kule Kitui. Mbuzi akizubaa, humfunua jicho akachungulia ndani ya kope. Pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe, damu imeisha, minyoo hiyo. Mibuyu ikianza kuchipua kabla ya mvua, jembe lake tayari lina makali. Anaona alama, anajua. Kama hiyo si elimu, basi neno lenyewe tuwarudishie wenyewe.

Na sisi tuliosoma je? KCPE, tangu 1985 hadi ilipozikwa 2023, ilitufundisha kumwita mtoto kwa nambari. Mtaala mpya umekuja na umilisi wake, lakini mtoto akirudi nyumbani swali ni lile lile: umepata ngapi? Nani anauliza: umejua nini?

Msinielewe vibaya, sisifu kutosoma. Mama hulazimika kungoja mtu amsomee hata karatasi ya dawa, na hilo linamuuma. Ndiyo maana aliuza mbuzi kunilipia karo. Mbuzi hao hao aliowatibu kwa kuwachungulia kope. Cheti changu kililipiwa na elimu yake, halafu eti mwenye elimu ni mimi!

Kiswahili hakijatunyima neno. Kipo kisomo. Fomu ziulize kiwango cha kisomo, naye mama atajibu "sina" bila kinyongo. Lakini mkiuliza elimu, kaeni chini, ongezeni karatasi, mwacheni aongee.