Mganga Hajigangi: Sigara na Daktari wa Dharura

Miongoni mwa watu wote wanaoyafahamu madhara ya sigara, ni wachache sana wanaoyaona kwa karibu kama daktari wa idara ya dharura. Ndiye ampokeaye usiku wa manane mzee ambaye mshipa wa moyo wake umeziba. Ndiye amwekeaye oksijeni mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na moshi wa miaka mingi. Ndiye amwambiaye mama aliyekaa kwenye benchi kwamba mumewe amepatwa na kiharusi. Hata hivyo, katika nchi nyingi duniani, daktari huyo huyo akiisha kumhudumia mgonjwa hutoka nje, husimama nyuma ya jengo, na kuwasha sigara.

Wananchi wamwonapo hugawanyika makundi mawili. Wapo wasemao kuwa daktari huyo ni mnafiki. Wapo pia wanaojifariji kwamba sigara ingekuwa mbaya kiasi hicho, daktari asingeivuta. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao si dogo, maana linaficha chanzo chenyewe cha jambo. Daktari wa dharura havuti kwa kuwa hajui, wala havuti kwa kuwa hajali. Mara nyingi huvuta kwa sababu kazi yake imepangwa kwa namna ambayo sigara ndiyo iliyobaki kuwa mapumziko yake. Yeyote atakaye daktari huyo aache hana budi kwanza kuitazama kazi hiyo.

KUJUA SI KUACHA

Historia ya madaktari na sigara inatoa fundisho kubwa. Katika miaka ya 1940 kampuni moja ya Marekani ilitangaza sigara zake za Camel kwa kudai kuwa ndizo zilizopendwa zaidi na madaktari. Koti jeupe lilitumiwa kuuzia moshi. Wakati huo daktari kuvuta mbele ya mgonjwa halikuwa jambo la ajabu.

Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa matokeo yaliyoonyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe, aliyekuwa mvutaji, aliacha. Mwaka 1951 wawili hao waliwaandikia madaktari wa nchi yao kuwauliza habari za uvutaji wao, na zaidi ya madaktari 40,000 walijibu. Madaktari hao wakafuatiliwa kwa muda wa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba, kwa wastani, madaktari wanaume walioendelea kuvuta walifariki miaka 10 hivi mapema kuliko wenzao wasiovuta. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliiokoa karibu miaka yote hiyo, na aliyeacha akiwa na miaka 50 aliokoa miaka 6 hivi.

Madaktari wa Uingereza waliacha sigara kwa wingi kuliko wananchi wengine, kwa kuwa safari hii waliohesabiwa katika vifo walikuwa wao wenyewe. Lakini yafaa ieleweke kwamba hawakuacha kwa siku moja. Ilipita miaka 12 tangu matokeo ya 1950 hadi Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilipotoa taarifa yake ya mwaka 1962 kuitaka serikali ichukue hatua. Ilipita miaka mingine zaidi ya 40 hadi sheria za mwaka 2006 na 2007 zilipopiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu za kazi nchini humo. Kwa upande mwingine, nchini China, Uturuki na Italia, uchunguzi wa miaka iliyopita uliwakuta madaktari, hasa wanaume, wakivuta kwa kiwango kisichopishana sana na cha wananchi wa kawaida. Madaktari hao walisoma elimu ile ile kuhusu mapafu na moyo. Tofauti basi haikuwa katika elimu, bali katika desturi ya mahali pa kazi na msimamo wa jamii.

USIKU WA ZAMU

Mambo yanayomvuta daktari kwenye sigara ni mengi, na mengi kati yake humpata mapema. Wengi huanza wakiwa wanafunzi, katika usiku wa kusomea mitihani, kwa kuiga wenzao. Huingia wodini tayari wamefungwa na mazoea. Huko humkuta daktari mkubwa ambaye naye huvuta, na ambaye maneno ya maana kuhusu mgonjwa huyasema akiwa nje na sigara mkononi. Kijana atakaye kujifunza humfuata huko huko.

Zamu ya usiku nayo huongeza mzigo. Idara ya dharura haina mlango wa kufungwa. Mgonjwa haji kwa foleni ya tarehe; huja wakati gari limepinduka au pumu imembana. Daktari anaweza kupitisha saa nyingi bila kula wala kuketi. Mapumziko yaliyoandikwa kwenye karatasi hayapatikani, kwa sababu hakuna wa kumpokea kazi. Lakini mvutaji akisema anatoka nje kidogo kuvuta, wenzake humwachia. Asiyevuta akisema anatoka nje kidogo ili akae tu, huonekana mtegaji. Kwa hiyo sigara imekuwa hati ya ruhusa. Pale ambapo dakika kumi za kupumua hupatikana kwa mvutaji peke yake, isiwe ajabu wavutaji wakiongezeka.

Aidha, upo msiba usiokuwa na mahali pa kupelekwa. Mtoto akifariki mikononi mwa daktari saa nane za usiku, saa nane na nusu mgonjwa mwingine anamngoja. Hapana kikao, hapana mkubwa wa kumwuliza hali yake. Moshi ndio unaochukua nafasi ya mazungumzo hayo.

Hapo ndipo nikotini inapofanya hila yake. Huufikia ubongo kwa sekunde chache tu, na mvutaji huhisi ametulia. Lakini baada ya saa 2 hivi nusu yake huwa imekwisha damuni, na mwili huanza kudai. Daktari mwenye zamu ndefu hudhani sigara inamwondolea uchovu wa kazi, kumbe kwa sehemu kubwa inamwondolea kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Analipa deni kwa kukopa tena.

NANI AMGANGE MGANGA?

Wahenga walisema, mganga hajigangi. Wengi huutumia msemo huu kumcheka mganga. Lakini maana yake nyingine ni nzito zaidi: ikiwa mganga hajigangi, basi yupo mwingine mwenye wajibu wa kumganga. Mwingine huyo ni yule anayepanga zamu, anayegawa fedha, na anayeweka kanuni za hospitali.

Jambo hili si la afya ya daktari peke yake. Maneno machache ya daktari yanaweza kumfanya mgonjwa aache sigara, na mgonjwa aliyeponea chupuchupu katika idara ya dharura huwa tayari kusikiliza kuliko wakati mwingine wowote. Daktari anayevuta huona haya kuyasema maneno hayo, au huyasema haraka na kupita. Nafasi hiyo ikipotea, huenda isirudi.

Tanzania inayo sababu ya kulishughulikia jambo hili mapema. Idara kamili ya dharura ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza. Fani ni changa, na desturi zake bado zinajengwa. Sheria ya kusimamia bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, na mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watumiaji wa tumbaku walikuwa chini ya mtu mzima 1 kati ya 10. Ni rahisi kuzuia desturi isiingie kuliko kuing'oa ikiisha kuota mizizi.

Watasema wengine kwamba fedha ni chache na madaktari hawatoshi, hivyo habari ya mapumziko ni anasa. Hoja hii ina uzito, lakini haijitoshelezi. Kumsomesha daktari bingwa huligharimu Taifa miaka mingi. Kumpoteza kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka hamsini ni hasara kubwa kuliko kumpa nusu saa ya kula. Zamu ipangwe ili awepo wa kumpokea. Kiwepo chumba cha kuketia chenye chai na maji, kwa anayevuta na asiyevuta sawasawa. Wakubwa wa idara wawakutanishe watumishi baada ya kifo kizito, japo kwa robo saa. Marufuku ya kuvuta ienee katika uwanja wote wa hospitali, lakini iende pamoja na msaada. Dawa za nikotini za kumsaidia mvutaji kuacha zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza, na nguvu yake ilikuwa hii: haikuishia kwenye kusikiliza redio, bali watu walichimba vyoo na kusafisha vijiji vyao pamoja. Walimu na watumishi wa serikali walikuwa mstari wa mbele. Wao nao wana ofisi na vyumba vya walimu ambamo desturi hujengwa kimyakimya. Mwalimu amtumaye mwanafunzi dukani kumnunulia sigara ameshafundisha somo, hata kama ubaoni ameandika jingine.

Kwa hiyo daktari asimamaye nyuma ya jengo na sigara yake asitazamwe kwa dharau. Aulizwe amekula saa ngapi, amelala lini, na nani atakayempokea zamu. Kisha majibu yake yafanyiwe kazi.