Jumba Lililovishwa Nguo, na Wabishi wa Baraza

Kila nikiitoa picha ya bunge la Ujerumani lililofunikwa gubigubi, barazani panachafuka. Juni 1995, mjini Berlin, wasanii Christo na mkewe Jeanne-Claude waliliviringisha jengo zima la Reichstag kwa mita za mraba 100,000 za kitambaa chenye mng'ao wa alumini, wakalifunga kwa kilomita 15.6 za kamba ya buluu. Lilikaa hivyo wiki mbili, likavuliwa. Hoja za wenzangu nimeshazikariri, na nyingi hazina miguu.

"Kodi za watu zimechezewa." Hii ndiyo hutangulia, na ndiyo mbovu kuliko zote. Serikali haikutoa hata senti, na wafadhili hawakutakiwa. Wawili hao walijilipia kwa kuuza michoro na vielelezo vya matayarisho alivyovitengeneza Christo mwenyewe. Na kazi ikishasimama, hakuichora tena: aliyetaka mchoro ilimpasa anunue ule uliochorwa jambo likiwa bado ni wazo kichwani. Arc de Triomphe ya Paris ilipofunikwa mwaka 2021, Christo akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma, gharama ya yuro milioni 14 hivi ilitoka katika mfuko huohuo.

"Kufunga kitu nayo sanaa? Hata mimi naweza." Kufunga, pengine. Jaribu kwanza kuomba ruhusa. Wazo lilianza 1971, kwa postikadi aliyoletewa Christo na Michael Cullen, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Siku hizo Ukuta wa Berlin ulipita mgongoni mwa jengo hilohilo. Wakaomba, wakakataliwa, wakarudi, wakakataliwa tena. Spika Rita Süssmuth aliwaunga mkono, Chansela Helmut Kohl hakutaka hata kusikia. Tarehe 25 Februari 1994 wabunge waliketi kujadili kama nyumba yao ivishwe nguo au isivishwe: 292 wakakubali, 223 wakakataa. Kwangu mimi miaka ile ya barua na kupiga hodi ni nusu ya kazi yenyewe. Nusu ya pili waliimaliza wapandaji 90, wakining'inia kwenye kamba na kukishusha kitambaa ukutani.

"Wamelificha jengo la historia." Anayesema hivi amesahau harusi. Bibi harusi akiingia ukumbini kafunikwa, nani huangalia pengine? Jengo lile liliungua 1933, likapigwa mizinga 1945, likabaki miaka mingi ukingoni mwa mji uliokatwa vipande viwili. Nakshi na makovu yalipositirika, likabaki umbo tupu: minara ya pembeni, mikunjo ikimwagika hadi chini, rangi ikigeuka kwa kadiri jua linavyosogea. Watu kiasi cha milioni tano walikwenda kulitazama.

"Kisichodumu hakina thamani." Tukiwa bado harusini: hina haimalizi mwezi mkononi, na sijamsikia mpakaji akipunguziwa ujira kwa hilo.

"Basi mwisho wake jalalani." Hapana. Vitu vilirejeshwa viwandani kutumiwa upya, na wageni waligawiwa bure vijipande vya mraba vya kitambaa chenyewe, vya kuenea kiganjani. Ndiyo sehemu pekee ya Reichstag ambayo mtu aliweza kuondoka nayo mfukoni bila kukamatwa.

Hoja ninayoiheshimu ilitoka kwa mzee mmoja ambaye kwa kawaida hanyanyui macho kwenye bao. Aliuliza: "Na kitu kama hicho kikimwangukia mtu?" Hapo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu jibu ninalo na si zuri. Mwaka 1991 wasanii haohao walisimamisha miavuli 3,100, ya buluu Japani na ya manjano California, kila mmoja mrefu kama mita sita. Upepo uliung'oa mmoja kule California, ukamuua mwanamke aliyekwenda kutazama. Christo akaamuru miavuli yote ifungwe, pande zote mbili za bahari. Wakati wa kuiondoa, Japani, mkono wa winchi uligusa waya wa umeme mkubwa, na mfanyakazi mmoja akafa. Mzee alitikisa kichwa, akarudisha macho kwenye kete zake.