Mtunzi wa Mlio Ule Naye Atajwe

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Hata hivyo, yuko fundi mmoja ambaye kazi yake imetikisa majumba mengi ya sinema, ilhali ni watazamaji wachache mno waliolijua jina lake.

Huyo ni James A. Moorer, Mmarekani. Mnamo 1982, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Lucasfilm, alitakiwa atunge sauti ya kuandamana na nembo ya THX. THX haikuwa mtambo wa kurekodia, bali kanuni za kupima iwapo ukumbi unaifikisha sauti ya filamu masikioni kama ilivyokusudiwa. Moorer aliandika programu ya kompyuta yenye mistari ipatayo 20,000. Sauti 30 huanza zikivurugana, kila moja na njia yake, kisha hukutana katika mwafaka mmoja mzito. Umma uliusikia mwaka 1983, filamu ya Return of the Jedi ilipotolewa.

Baadaye mlio huo ulisajiliwa kuwa alama ya biashara. Kampuni ikapata kinga, mtunzi je? Kwenye skrini ilionekana nembo tu.

Najua wapo watakaosema kwamba mwajiriwa amelipwa mshahara wake, yakaisha. Siafiki hata kidogo. Mshahara hulipia kazi. Haununui jina la mtu. Filamu huwaorodhesha hata madereva na wapishi wake. Yawaje basi mtunzi wa muziki unaoitangulia akose mstari mmoja? Muziki wa sekunde chache ni muziki vilevile, na aliyeutunga ana haki ya kutajwa.