Mlango wa Sitara Hupangwa Kabla ya Ukuta

Wazee wetu walituachia msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ujenzi wa nyumba liko jambo moja linaloupindua msemo huo: usipouacha ufa unapojenga ukuta, utakuja kuubomoa ukuta wenyewe. Nakusudia ule mlango wa kusukuma usiokuwa na bawaba, unaotambaa kwenye reli ukaingia ndani ya ukuta na kupotea usionekane.

Wako watakaosema kwamba huu ni urembo wa wenye pesa, au ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za Marekani na Uingereza za mwisho wa karne ya 19 zilikuwa na milango hiyo. Lakini haja inayoutaka mlango huu ni yetu sisi watu wa pwani, tena ni ya zamani. Haja hiyo ni sitara.

Itazame nyumba ya mawe ya Lamu. Mbele liko daka, mgeni apate kupokewa kabla ya kuingia. Kisha njia ya kuingilia hupinda, ili jicho la mpita njia lisifike uwani. Kisha ni misana, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho kabisa ndipo ndani, mahali pa wenyewe. Vyumba vile ni vyembamba, yapata futi 8 au 9, kwa kuwa boriti ya mkoko haikuweza kuvuka sana zaidi ya hapo. Baina ya msana na msana pazia lilitosha: lilizuia jicho, wala halikula nafasi.

Nyumba zetu za leo je? Nyingi nilizokaribishwa Mombasa, mlango wa mbele ukifunguliwa tu, mgeni huona hadi jikoni. Sebule imekaa katikati kama kituo cha basi, na kila mwenye haja ya kwenda jikoni au chooni hana budi kupita mbele ya wageni. Akija mwanamume asiye maharimu, mama wa nyumba hujifungia chumbani. Mgeni akikaa saa mbili, naye amefungika saa mbili, na chungu kikiungua hana njia ya kukifikia. Hivyo ndivyo tunavyomfanya mwenye nyumba kuwa mahabusi nyumbani mwake, kwa sababu ya ramani tu.

Mlango wa bawaba ungeweza kuleta nafuu, lakini mlango wa futi 3 unapofunguka hufagia kama futi 7 za mraba za sakafu. Katika ukumbi mwembamba hugonga kiti, mwisho huachwa wazi daima, na mlango ulioachwa wazi si sitara. Mlango wa kuingia ukutani hauhitaji nafasi hiyo. Ukitakiwa huvutwa kwa mkono mmoja. Usipotakiwa, ukumbi hubaki mpana. Hata bibi anayetembelea mkongojo hupita bila ya kurudi nyuma kuukwepa.

Ila, ndugu msomaji, mlango huu hautaki kukumbukwa mwisho. Jamaa mmoja aliutaka nyumba ilipokwisha kupakwa rangi. Ukuta ulipochunguzwa, palikuwa na bomba la maji na nyaya za stima. Akaishia kutundika pazia.

Hesabu yake ni hii. Mlango wa futi 3 unataka ukuta wa futi 6 na inchi kadhaa, nusu kwa kupita watu na nusu kwa kuufichia mlango. Katika nusu hiyo ya pili pasipite bomba, waya wala swichi. Ukuta wa jiwe la inchi 6 hauna nafasi ya uwazi ndani yake. Basi ama zijengwe kuta mbili nyembamba zenye uwazi katikati, ama sehemu hiyo iwe ya fremu ya mbao. Linta nayo lazima ivuke urefu wote, si juu ya njia peke yake. Na mwenye nyumba akumbuke kwamba msumari mrefu wa kutundikia picha ya Kaaba hapo waweza kuutoboa mlango uliojificha.

Bahari nayo ina hukumu yake. Reli na magurudumu ya chuma cha kawaida huliwa na chumvi. Tafuta kisichoshika kutu. Mbao iwe imekauka sawasawa, maana mbichi hupinda inapokauka na kukwama. Papi za fremu zifungwe kwa skrubu, gurudumu likivunjika mlango utolewe bila ya kupasua plasta.

Wala sisemi kila mlango uwe hivi. Mlango huu huzuia jicho kuliko sikio, na harufu hupenya pembeni. Choo na chumba cha kulala vibaki na mlango wa bawaba na komeo. Surat-un-Nur, aya ya 58, imetaja nyakati 3 ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia. Mahali pa hodi panataka mlango madhubuti. Mlango wa kusukuma mahali pake ni baina ya sebule na njia ya ndani, pale pale palipokuwa na pazia la wazee.

Wanaume ndio tunaokaa na fundi kuchora ramani, hali wanaoishi na ramani hiyo mchana kutwa ni wake zetu na mama zetu. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, waiteni waitazame. Kisha muulizeni fundi swali moja: mgeni akikaa hapa, wao watapita wapi? Akikosa jibu, ramani hiyo bado haijaisha.